Propela Iliyonuka Chapati

Ukienda kununua propela iliyotumika, usimsalimie mwenyewe kabla hujaisalimia propela. Najua hiyo ni adabu mbaya. Huku kwetu Kimulot ukifika kwa mtu unasalimia mzee, unasalimia mama, unauliza habari za ng'ombe na za mvua, unapewa mursik, yale maziwa yetu ya kibuyu, na kabla hujasema kilichokuleta, wewe na mwenyeji mmeshakuwa ndugu. Na ndugu hakagui kitu cha ndugu. Hapo ndipo nilipoanguka mimi, na ndiyo sababu nawaandikia ninyi vijana mnaoingia kazi ya ndege mkiwa na vyeti vizuri na kucha safi.

Nilitunza ndege ya shamba la chai kwa miaka mingi. Ilikuwa ndege ya injini moja, viti sita, na kiwanja chake kilikuwa ukanda wa nyasi uliopita katikati ya chai. Ilibeba mameneja, sampuli za chai, vipuri vya kiwanda, na mara mojamoja mgonjwa. Namshukuru Mungu kwa kila siku niliyofanya kazi pale, hata zile alasiri za mvua ya mawe, tulipojibanza ndani ya banda la ndege huku mabati yakipigwa kama ngoma ya kwaya isiyo na mwalimu.

Aliyenifundisha kazi ni Mzee Okeyo, mtu wa kutoka upande wa ziwani, fundi mkuu wetu. Yeye peke yake ndiye aliyekuwa na leseni ya kutia sahihi. Ndege haikuruka bila sahihi yake, na kuipata sahihi hiyo kulikuwa kugumu kuliko kupata mvua mwezi wa Januari. Kanisani alikuwa akilala usingizi tangu wimbo wa kwanza. Bandani hakulala hata kidogo. Alinifundisha kupitisha ukucha kwenye makali ya propela, polepole, kutoka kitovuni hadi nchani, kutafuta vijitundu vinavyotobolewa na changarawe. "Macho yanadanganya," alikuwa akisema. "Ukucha hauna sababu ya kukudanganya." Ukucha ukikwama, unachukua tupa, unalainisha pale mpaka pawe kama shavu la mtoto. Kijitundu ukikiacha, kesho ni ufa.

Mwezi wangu wa kwanza niliigeuza propela kwa mkono bila kuuliza kama swichi imezimwa. Injini iliguruma mara moja tu, ikanyamaza. Kofia yangu tuliipata kwenye chai, ikiwa vipande viwili. Mzee Okeyo alizungumza Kijaluo kwa dakika kama tano. Nilimuuliza baadaye kama ilikuwa sala. Akanijibu, "Sehemu ya mwisho."

Basi, katikati ya miaka ya tisini, propela yetu iliuawa na kondoo. Kondoo dume wa jirani alivuka kiwanja ndege ikitua. Rubani wetu, ambaye sote tulimwita Kapteni, alijitahidi kumkwepa, ndege ikateleza, na mapanga ya propela yakachimba ardhi. Kondoo hakuguswa hata sufu. Aliishi miaka mingi na alinitazama kwa dharau kila nilipopita. Mapanga yote matatu yalikunjika kama majani ya kitunguu. Injini tuliipeleka Nairobi ifunguliwe, maana propela ikigonga chini, injini nayo imegongwa, hata kama kwa nje inacheka. Na propela mpya kutoka ng'ambo ingechukua miezi. Meneja akasema tutafute iliyotumika.

Sasa nisikilizeni vizuri. Propela ya aina yetu ilikuwa na agizo la usalama juu yake. Ilikuwa imejulikana kwamba kitovu chake, yaani lile bonge la katikati linaloshika mapanga, kina tabia ya kupata ufa. Kitovu kikipasuka hewani, panga moja linachomoka, injini inatikisika mpaka inang'oka, na waliomo ndani wanakutana na Muumba kabla ya miadi. Kwa hiyo agizo lilisema: kila baada ya saa hamsini za kuruka, kitovu kikaguliwe ufa, halafu iandikwe kwenye kitabu cha propela. Haikuwa kazi ya mara moja ukamaliza. Kila saa hamsini, maisha yake yote. Propela ikiuzwa, agizo linaifuata, kama ng'ombe wa gredi: ukimnunua, umenunua na siku zake za kuogeshwa dawa ya kupe. Huwezi kusema yule wa kwanza alimwogesha vya kutosha.

Tulisikia kuna mzee huko Chepseon, jina lake arap Tonui, aliyekuwa na ndege kama yetu na ameacha kuruka. Wakati huohuo Mzee Okeyo akapata msiba kwao. Siku ya kuondoka aliniambia, "Mosonik, nenda uiangalie. Soma kitabu chake kabla ya kunywa chai. Kabla, umesikia?"

"Nimesikia, Mzee."

"Na usifunge kitu kwenye injini mpaka nirudi."

Nilikunywa chai. Vikombe vitatu, pamoja na mahindi ya kuchoma. Arap Tonui alikuwa mtu wa imani, ameokoka muda mrefu, na alinipa ushuhuda wake wote kuanzia utoto. Ndege yake ilikuwa kwenye ghala la mahindi, na kuku mmoja alikuwa ameatamia kwenye kiti cha rubani. Propela ilikuwa imefunikwa blanketi zuri kuliko la kitanda changu.

"Hii haijawahi kunisumbua, ndugu," alisema, akiipapasa. "Nakuru nimeenda nayo, Eldoret nimeenda nayo. Haijakohoa hata siku moja."

"Na ukaguzi wa kitovu?"

"Yote iko kwa kitabu. Ona."

Nikafungua kitabu. Tarehe zilikuwepo, saa zilikuwepo, sahihi zilikuwepo, mistari imenyooka kama safu za chai. Nikakifunga. Nani anakagua kitabu cha mtu ambaye ametoka kumwombea mama yako kwa jina? Tukaimba ubeti mmoja, tukaipakia propela kwenye pikapu ya shamba.

Lakini haikufika bandani moja kwa moja. Kwetu kitu kipya hakitumiki kabla ya kuwekwa wakfu. Tangi la maji la shule liliwekwa wakfu, fahali wa kikundi cha akina mama aliwekwa wakfu, na hata vipaza sauti vya kwaya viliwekwa wakfu, ingawa hivyo havikusaidika. Mimi nilikuwa mzee wa kanisa. Ningepitaje na propela nzima mbele ya kanisa bila kusimama? Jumapili tukaiweka mbele ya madhabahu, juu ya meza mbili. Mchungaji Kimeto alikuja na ile chupa yake ndogo ya mafuta ya upako, akaitazama propela, akaitazama chupa.

"Ndugu Mosonik, hii ni kubwa," aliniambia kwa sauti ya chini.

"Ni kubwa, Mchungaji."

Akamtuma mtu jikoni kwa akina mama. Likaletwa debe la mafuta ya kupikia, lile la chapati za wageni. Akaliombea kwanza, kisha akamwaga. Alimwaga kwenye panga la kwanza, la pili, la tatu, na kwa kuwa alimaliza sala kabla ya mafuta, yaliyobaki aliyamwaga yote kwenye kitovu. Mimi nilisema amina kwa sauti kuliko wote.

Meneja alifurahi sana propela ilipofika. Akasema safari ya kwanza, Alhamisi, Kapteni atamzungusha Mchungaji juu ya chai, na pamoja naye mama yangu mzazi, ambaye kanisa zima lilimwita Kogo, kama nyanya wa wote. Mama alikuwa hajawahi kupanda kitu kirefu kuliko trekta. Alinunua viatu siku iliyofuata.

"Mama, huogopi?" nilimuuliza.

"Niogope nini? Nataka kuona paa langu kutoka juu. Baba yako aliliezeka mwenyewe, akaniambia limenyooka. Amekufa akisema limenyooka. Nimekaa chini yake miaka yote hii bila njia ya kuhakikisha."

Jumatatu nikafanya ukaguzi wa kitovu. Siku zile hatukuwa na hizi mashine zenu za kupitisha umeme na kuusoma ufa kwenye kioo. Tulikuwa na rangi nyekundu, unga mweupe na subira. Kwanza unasafisha kitovu kwa dawa kali mpaka kiwe kikavu kabisa. Halafu unapaka rangi nyekundu, nyepesi kama chai ya mgonjwa, inayopenya mahali ambapo jicho haliingii. Unangoja. Unaifuta yote juu. Halafu unapuliza unga mweupe na unangoja tena. Kama kuna ufa, rangi iliyojificha ndani inatoka na kuchora mstari mwekundu juu ya weupe. Hakuna mahubiri niliyoyasikia kuhusu dhambi iliyofichwa yaliyo wazi kama kopo lile.

Kopo la dawa ya kusafishia nililishika mkononi. Nawaambia ukweli, nililishika. Nikakitazama kile kitovu kinavyong'aa kwa mafuta ya upako, nikaona aibu. Nitayafutaje kwa dawa inayonuka kama petroli mafuta ambayo Mchungaji ameyaombea mbele ya watu? Nikaliweka kopo chini. Nikachukua kitambaa kikavu, nikapangusa juujuu, kwa heshima, kama mtu anayemfuta mtoto uso. Nikapaka rangi. Nikangoja. Nikafuta. Nikapuliza unga.

Hakukutokea hata nukta moja. Kitovu kilikuwa cheupe kote. Nikaimba peke yangu bandani.

Mzee Okeyo alirudi Jumatano asubuhi, macho mekundu kwa matanga. Alikuta propela kwenye stendi yake, injini imesharudi, na mimi nikitabasamu kama bwana harusi. Hakunisalimia. Alienda kwenye propela, akapitisha ukucha. Akainama kwenye kitovu kutazama. Akabaki ameinama. Akavuta pumzi kwa pua.

"Mosonik."

"Naam, Mzee."

"Nani alipika hapa?"

"Hakuna aliyepika, Mzee."

"Hii propela inanuka chapati."

Nikamweleza. Nilitegemea acheke, kwa sababu alikuwa mtu wa kucheka. Hakucheka, na hapo nikajua nimeharibu jambo. Alivuta kiti akaketi.

"Ulisafisha na dawa kabla ya kupaka rangi?"

"Nilipangusa na kitambaa."

"Sikuuliza hiyo."

"Hapana, Mzee. Ni mafuta ya upako. Niliona..."

"Omera, ndugu yangu, nisikilize. Ufa ukishakunywa mafuta, rangi itaingilia wapi? Umeujaza ule ufa, kama uko, halafu ukauuliza kama una njaa." Akanitazama. "Huo upako, ukiwa ni wa kweli, utatolewa na petroli?"

Nikafikiri. Nilikuwa nimefundisha shule ya Jumapili miaka tisa na hakuna mtoto aliyewahi kuniuliza swali zuri kama hilo.

"Hapana," nikasema. "Hauwezi kutolewa."

"Basi safisha."

Nilisafisha mara mbili kwa dawa, tukakitoa kitovu juani, tukakiacha kikauke mpaka chuma kikawa cha moto mkononi. Tukapaka rangi. Tulipokuwa tunangoja, mama akafika na viatu vyake vipya na mkoba, kufanya mazoezi ya kupanda ngazi ya ndege kabla ya kesho. Mzee Okeyo akampa kiti chake. Tukafuta rangi. Nikapuliza unga mweupe.

Mwanzoni palikuwa peupe. Halafu karibu na tundu moja la bolti ikatokea nukta nyekundu. Ikawa mstari mwembamba kama unywele. Ukatambaa polepole, mbele ya macho yetu, mpaka ukafika urefu wa kidole changu cha mwisho. Nilitaka kuusimamisha kwa mkono.

"Ni nini hiyo?" mama akauliza.

"Ni ufa, Kogo," Mzee Okeyo alimjibu. "Kesho ungekaa nyuma yake."

Mama akasogea, akaangalia kwa muda mrefu. "Na ufa huu ulikuwepo siku Mchungaji alipomwaga mafuta?"

"Ulikuwepo."

"Na yeye hakuuona?"

"Hakuuona."

"Yeye hakusomea hii." Akanigeukia, akaniita kwa jina langu la utotoni. "Kiprono, wewe ulisomea."

Alivua vile viatu, akavitia kwenye mkoba, akarudi nyumbani na zile raba zake za shambani alizokuwa amezibeba. Nimehubiriwa na maaskofu, vijana wangu, lakini hakuna aliyenipiga mahali pale.

Jioni hiyo Mzee Okeyo alisoma kile kitabu cha propela kwa dakika mbili tu. "Tazama," akasema. "Kaguzi tatu za mwisho, kalamu moja, wino mmoja, mkono mmoja. Na hakuna alama ya kidole. Umewahi kuona fundi akiandika bila kuacha grisi? Kitabu kisafi hivi ni kama mkulima mwenye suruali nyeupe."

Kesho yake, badala ya kuruka, tulirudi Chepseon na propela. Arap Tonui alitoka akitabasamu, akauona uso wa Mzee Okeyo, akaacha. Tulimwonyesha ule mstari. Tukamwonyesha kurasa tatu.

"Fundi wangu alihamia Nakuru," alisema hatimaye. "Mimi nilikuwa naruka kidogo tu. Nikaona propela ni nzima. Nikajaza mwenyewe."

"Ulijaza kwa nini?" Mzee Okeyo akamuuliza.

"Nilijaza kwa imani."

Hakuna aliyecheka. Arap Tonui mwenyewe alikaa chini, pale kwenye maganda ya mahindi, mzee mwenye mvi. "Nimembeba mke wangu na hii," akasema. "Nimebeba watoto wangu watano. Krismasi." Akarudia, "Krismasi." Sikumchukia. Mimi na yeye tulikuwa tumefanya dhambi moja. Tofauti ni kwamba yeye alitumia kalamu na mimi kitambaa. Yeye na kampuni yetu ya chai walimalizana kwa amani. Lakini kabla hatujaondoka Mzee Okeyo aliomba msumeno wa chuma, tukakikata kile kitovu vipande viwili palepale. Lishikeni hili: kitu kibovu usikirudishe sokoni kikiwa kizima. Kitapata blanketi jingine, na ushuhuda mwingine, na mama wa mtu mwingine.

Jumapili nilisimama kanisani, nikaungama. Nilisema nilikuwa na kopo mkononi na nikaliweka chini kwa kuogopa kumvunjia Mchungaji heshima. Mchungaji Kimeto akasimama, naye akasema, "Ndugu zangu, mimi propela sijui. Hata redio yangu inanishinda. Lakini huyu mzee wetu anajua, na aliniacha nimwage debe zima." Halafu akaniuliza mbele ya watu wote, "Ndugu, ungesema tu. Kwani ulifikiri Mungu atakasirika ukinawa?" Akina mama wa jikoni ndio waliocheka kwanza. Wao walikuwa na uchungu wa debe lao.

Propela nyingine ilipatikana Nairobi baada ya miezi. Safari hii tulienda wawili, mimi na Mzee Okeyo. Muuzaji alituletea soda, zikakaa juu ya meza mpaka gesi ikaisha, sisi tunasoma kitabu. Kilikuwa kichafu, kitabu cha kupendeza: kalamu za kila rangi, alama za vidole, ukurasa mmoja umemwagikiwa kitu. Tulikisafisha kitovu, tukakipaka rangi, tukangoja, na kilipobaki cheupe Mzee Okeyo akatia sahihi. Mchungaji alikuja bandani na chupa yake ndogo, akasimama mlangoni akisubiri kuitwa. Akagusa panga moja kwa ncha ya kidole. Tukaomba. Naamini iliwekwa wakfu sawasawa na ile ya debe.

Mimi niliendelea kukagua kitovu hicho kila saa hamsini mpaka nilipostaafu, na sikumbuki mara hata moja niliyotamani kuiruka. Ninyi mtachoka. Mtaona mara ya ishirini haina kitu, mtasema ya ishirini na moja nayo haina. Siku hiyo kumbukeni yule mwanafunzi wa kwenye Injili aliyekataa kuamini mpaka atie kidole kwenye jeraha. Wahubiri wanamsema vibaya. Mimi ningempa kazi bandani kwangu siku hiyohiyo.

Mama aliruka Jumamosi moja, pamoja na Mchungaji, jua likiwa zuri. Alikuja na vile viatu. Kapteni alimpa mkono apande, lakini mama akampita, akaenda mbele ya ndege. Nilimwambia injini imezimwa, nimehakikisha swichi. Akasema na yeye anahakikisha. Akainama, akaweka pua karibu na kitovu, akanusa.

"Haina chapati," akasema, akapanda.

Walizunguka juu ya Kimulot mara tatu. Nilisimama kwenye nyasi na kofia yangu mkononi, nikisikiliza ule mlio kwa kila kiungo cha mwili, mpaka magurudumu yalipogusa ardhi. Mchungaji alishuka akitafuta mahali pa kutapika. Mama alishuka taratibu, akarekebisha kitambaa cha kichwa.

"Mama, umeliona paa?"

"Nimeliona."

"Ehe?"

"Limepinda," akasema, akachukua mkoba wake. "Baba yako aliliezeka kwa imani."